Mwaka Niliokuwa Jicho la Bwana Irungu

Tulimzika Bwana Irungu kule Kangari mwezi uliopita, Jumamosi ya manyunyu, pembeni mwa shamba lake la majani chai. Udongo wa kule ni mwekundu na unanata, na kufika kaburini nilikuwa nimebeba nusu ya shamba kwenye viatu. Mhubiri, kijana mpole ambaye hakuwa amezaliwa wakati wa mambo haya, aliyasoma maisha ya marehemu haraka haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yanashuka. Alisema marehemu alifanya kazi ya serikali, akapoteza macho yake, akarudi nyumbani akamtumikia Mungu mpaka alipoitwa. Basi. Nilikaa chini ya turubai, mwanamke mzee mwenye magoti ya kuvimba, mwavuli mapajani, hasira imenijaa nisijue niipeleke wapi. Akapoteza macho! Utadhani ni miwani aliyoisahau kwenye benchi la kanisa. Watu waliitikia amina, wakaanza wimbo, nami nikashindwa kuimba. Katika wote waliosimama pale, ukimwondoa mjane wake, ni mimi peke yangu niliyekuwepo mwaka ule macho yale yalipokuwa yanaisha, na nimeamua kuusimulia kabla sijawa sentensi moja ya mhubiri mimi pia.

Uhuru ulikuwa bado haujafikisha miaka kumi. Nilikuwa nimetoka chuoni Nairobi, ambako nilijifunza kuchora ramani nikiwa msichana pekee darasani, na ofisi ikanipeleka Nyeri kwa sababu, nadhani, hakuna mwanamume aliyetaka kwenda kwenye baridi ile. Walikuwa wamekodi nyumba ya mawe pale Ruring'u. Sebule iligeuzwa chumba cha ramani: meza ndefu katikati, taa ya kuning'inia, na mawe kila mahali. Mawe yalikaa dirishani, yalikaa chini ya viti, na moja kubwa jeusi lilizuia mlango wa choo usijifunge. Kila jiwe lilikuwa na namba yake ya rangi nyeupe, na ole wako uhamishe moja. Asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, Mlima Kenya ulionekana kwenye dirisha la mbele, na ukienda jikoni kuchukua chai unaiona milima ya Nyandarua kwa nyuma. Nyumba yote ilinuka wino, mafuta ya taa na mapishi ya Mutua. Mutua alikuwa dereva wetu, Mkamba wa Machakos, na alikuwa pia mpishi kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea. Kwa ajili yake mezani tulisema Kiswahili, kila mtu kwa namna yake. Mimi nililala chumba cha uani chenye mlango wake peke yake, lakini majirani hawakujali mlango. Msichana, wanaume wawili, nyumba moja: walikuwa wamekwisha kunihukumu kabla sijafungua sanduku.

Bwana Irungu ndiye aliyekuwa mwanajiolojia. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, mwenye sauti ya shemasi na kofia ya sufu aliyoivaa hata juani. Zamani, wakati wa Wazungu, alianza kwa kuwabebea nyundo na magunia ya mawe, kisha akasoma usiku na mchana mpaka akapelekwa ng'ambo, akarudi na shahada. Sasa alikuwa amepewa ramani yake mwenyewe, Mwafrika wa kwanza katika kitengo chetu kupewa karatasi nzima bila msimamizi. Ilikuwa ramani ya nchi ile inayoshuka kutoka Nyandarua hadi Ziwa Ol Bolossat. Aliponieleza mara ya kwanza alitumia mkate. Aliukata, akasukuma kipande kimoja chini kidogo, akasema ardhi ya kule ilipasuka hivi: upande wa mashariki ukabaki juu, huo ndio ukuta wa Satima, na upande wa magharibi ukashuka, maji yakajikusanya pale chini, ndilo ziwa. Akaongeza kwamba nchi yote ile ni moto uliopoa, jivu na mawe yaliyoyeyuka, na imepasuka mahali pengi, si pale tu. Kazi yetu ilikuwa kuutafuta kila mpasuko na kuuchora: mstari, na vijino vidogo vikielekea upande ulioshuka. Kisha akaula mkate. Watu walikuwa wamegawiwa mashamba ya walowezi kule chini na walikuwa wanachota maji ya ziwa pamoja na viboko, na maji ya chini ya ardhi hufuata mipasuko. Wachimbaji wa visima walikuwa wanaingoja ramani hiyo.

Kila wiki tulikuwa na siku zetu za mahemani kule ziwani na siku zetu za mezani pale Ruring'u. Mezani kulikuwa na picha zilizopigwa na ndege, mamia ya picha, nchi yote imetazamwa kutoka juu. Picha moja ni bapa tu, huwezi kujua kilima na bonde. Lakini picha hizo zilipigwa zikipishana, na ukiziweka mbili sambamba chini ya stereoskopu, kidude cha miguu minne chenye lenzi mbili, jicho la kushoto linaangalia yake na la kulia linaangalia yake, halafu ghafla ardhi inainuka. Siku ya kwanza nilipoona Satima ikiniinukia usoni nilirudi nyuma nikampiga Mutua kiwiko. Alikuwa amesimama hapo makusudi kungojea kichekesho hicho. Bwana Irungu pia alicheka, cheko lake la puani, akasema, "Hiyo ndiyo dawa ya kazi yetu. Ukishaonja huwezi kuacha." Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na nilimwamini kabisa.

Dalili zilikuwepo. Alimimina chai nje ya kikombe. Si mara moja, kila siku, na kila siku alimlaumu aliyekiweka kikombe. "Hii kikombe iko mbali. Nani ameweka kikombe mbali?" Mutua angefuta meza akisema, "Bosi leo amenyesha tena." Majirani walisema ni pombe. Mimi nilijua si pombe kwa sababu mtu yule alisali hata kabla ya kula muthokoi ya Mutua, mahindi yake ya kukoboa, ingawa labda hiyo ndiyo ilihitaji sala kuliko chakula kingine. Alikanyaga hewa kwenye ngazi. Aliponikabidhi kalamu, aliiachia kabla sijaishika. Na taa ikiwashwa jioni alikunja uso, akasema iko na duara, kama mwezi wa mvua, na hapo Mutua angesema ni vumbi la barabara ya Ndaragwa, nasi tungekubaliana ni vumbi.

Nilikuja kujua Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa ametangulia mezani, amefunika picha mbili kwa stereoskopu, penseli mkononi, anachora mistari ya sehemu ya mabonde madogo kaskazini mwa ziwa. Aliniita nije nione kitu. Nikainama, nikatazama, nikacheka. Mto ulikuwa unapita juu ya mgongo wa kilima, umejikunja hapo juu kama mshipa kwenye mkono wa mzee. Vilima vilikuwa mashimo na mashimo yalikuwa vilima. Kila mtu wa kazi yetu anajua hilo linatoka wapi: ukiibadilisha picha ya kushoto ukaiweka kulia, nchi inageuka ndani nje. Ni kosa la mwanafunzi, na analiona saa hiyo hiyo kwa sababu mto hauwezi kupanda kilima. Nilidhani ananifanyia utani. "Umeziweka kinyume, Bwana Irungu," nilisema, nikiendelea kucheka, nikainua kichwa nimwone akicheka puani. Hakucheka. Alikuwa ameshika penseli vile vile, na kwenye karatasi kulikuwa na mistari ya asubuhi nzima na vijino vyake. Hapo nikaelewa kwamba alikuwa akichora bila kuona ardhi ikiinuka. Alikuwa akikisia kwa vivuli.

Mutua alikuwa uani anaosha gari; tulikuwa tunamsikia akipiga mluzi. Bwana Irungu alivua kofia, akaiweka mezani, akafunika jicho la kulia kwa kiganja. "Sasa sikuoni," alisema. "Hata dirisha silioni." Akaondoa kiganja. "Hii ya kushoto ilienda pole pole tangu mwaka jana. Nikafikiri ni miwani." Alikuwa amekwisha kumwona daktari wa macho. Daktari alisema ni presha ndani ya jicho, la kushoto limekwisha, la kulia lina ugonjwa ule ule, na anatakiwa akae hospitalini Nairobi afanyiwe operesheni, mapema. Alipewa dawa ya matone. Aliniambia yote hayo bila kuinua sauti, kama anayesoma orodha ya mawe. Nikamwuliza ataenda lini. Akasema, "Nikimaliza."

Niliwahi kuulizwa na binti yangu kwa nini hatukumfunga kamba tukampeleka. Ni rahisi kuuliza ukiwa umekaa kwenye sofa. Ofisi ya Nairobi ilikuwa na mshauri wa kigeni, mtu asiye mbaya, ambaye alikuwa ameiomba karatasi ile mara mbili kwa sababu aliipenda Satima. Bwana Irungu akiomba likizo ya ugonjwa, ramani ingehama meza siku ile ile, na maneno yangehama nayo. Mambo hayo yalisemwa sana miaka ile, waziwazi na kwa kunong'ona: tuone kama Waafrika wataweza. Alisema mvua za masika zikianza barabara ya ziwani itakuwa matope, hakuna gari litakalopita, basi atamaliza ukuta wa mashariki kabla ya mvua, halafu ataenda Nairobi moja kwa moja. Nilimwomba aende kwanza. Nilimwomba jikoni, nilimwomba kwenye gari, nikamwomba mbele ya Mutua nikitumaini ataona haya. Aliniambia, "Nyambura, wewe uko na macho mbili nzuri. Ziweke kwa kazi." Na mimi, kwa hasira na kwa mapenzi, kwa sababu nilimpenda mtu yule jinsi unavyompenda anayekupa ufundi wako, nikaziweka.

Tukafanya kazi hivi. Mimi ninainama kwenye stereoskopu, yeye anakaa kando yangu amefumba macho yote mawili. "Nisimulie," anasema. Nikisema, naona ufa, ananikata. "Usiniambie ufa. Ufa ni kazi yangu. Niambie unaona nini." Basi namwambia: kuna ngazi, imenyooka, mto umefika pale ukapinda mkono wa kulia, umefuata ngazi, halafu ukapata mwanya ukatoka. Miti upande gani? Chini. Mingi? Kwenye mstari, kama ua. Anaifikiria, kisha anasema weka mstari, vijino magharibi, lakini uwe wa kukatika katika, mpaka tuuguse. Hiyo ilikuwa sheria yake. Ufa ambao hatujaukanyaga kwa miguu tuliuchora kwa vistari vya kukatika, na mstari mzima ulipatikana kwa jasho tu. Juma lililofuata tungeenda mahali penyewe, Mutua angetushusha njiani, tukakanyaga, tukagonga mawe, na tukirudi Ruring'u ningeunganisha vistari kwa wino. Mistari aliyochora Jumamosi ile aliifuta yote, akaianza upya. Sijawahi kufurahia kazi kama miezi ile, na ninaona aibu kusema hivyo, lakini ni kweli. Mchana tulikula githeri kwenye sahani za bati tukiwa tumesimama, picha zimeenea mezani, yeye ananiuliza kuhusu kilima fulani kana kwamba ni jamaa yetu mgonjwa. Nilianza kuiona nchi hata nikiwa nimelala. Na kila siku chai ilimwagika mbali zaidi na kikombe.

Mke wake alikuja mwezi wa tatu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kangari, tukimwita Mama Wairimu, mwanamke mfupi mwenye kifua cha kuimba kwaya. Alibadilisha gari Sagana akiwa na kikapu cha nduma, ndizi mbivu na majani chai yaliyofungwa kwenye gazeti. Habari zilimfikia kwamba bwana wake anaishi na msichana, na majirani walijua anakuja, kwa sababu siku ile kila mama wa mtaa alikuwa na nguo za kuanika upande wetu wa ua. Alinikuta mlangoni. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe ndiye Nyambura?" Nikasema ndiyo, Mama. "Waliniambia uko na miguu mizuri. Hawakuniambia uko mwembamba hivi. Huyu Mkamba anawapea nini?" Akaingia jikoni, akamfukuza Mutua, akapika irio, na nguo za majirani zikakauka bila vita.

Baada ya kula nilimfuata kwenye karo la kuoshea vyombo, nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nilipomwona na kikapu. Nilimwambia jicho la kushoto limekufa na la kulia linafuata, daktari amesema mapema, na yeye hataki. Aliendelea kusugua sufuria. "Nimelala na huyo mtu miaka mingi," alisema. "Unafikiri sijui? Krismasi alitaka kubeba mtoto, akashika hewa." Nikamwuliza, karibu nikimpigia kelele, kwa nini basi hakumshurutisha. Akaniangalia kwa huruma, mimi, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Umejaribu, sivyo? Amekusikia?" Akajifuta mikono, akaenda chumbani kwa bwana wake, akafunga mlango.

Mvua ya kwanza, ile ya kupita tu, ilikuwa inaanza kugonga mabati, kwa hiyo walisema kwa sauti ya juu ili wasikilizane, nami nilikuwa mezani na kalamu ya wino mkononi, upande wa pili wa ukuta. Walisema Kikuyu, naandika kwa Kiswahili nilivyoyasikia. Alimwuliza mke wake anataka nini hasa. Akajibiwa, nataka uende hospitali kesho, gari la ofisi liko nje. Akasema wiki chache tu zimebaki. "Wakininyang'anya sasa, watasema tumeshindwa. Si mimi peke yangu. Watasema sisi." Na Mama Wairimu akasema, "Na wewe ukikosa kuona, hao sisi watakuja kukushika mkono kukupeleka choo? Ama ni mimi?" Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitambua kwanza. Bwana Irungu alikuwa analia, na katikati ya kulia alisema, "Niache niimalize. Nakuomba." Hakusema kwa ukali. Aliomba kama mtu anayeomba maji. Asubuhi Mama Wairimu alitupikia uji, akamfungia bwana wake shali shingoni, akaniambia nihakikishe anatia matone, akaondoka. Miaka mingi nilimlaumu kwamba alikubali haraka. Nilipoolewa mwenyewe niliacha kumlaumu.

Mahali pa mwisho palikuwa korongo moja juu ya ziwa, kwenye mguu wa Satima, ambapo maji yalikuwa yameuosha udongo na kuuacha uso wa ufa wazi. Mutua alitufikisha mwisho wa njia ya magari, akabaki, maana wingu lilikuwa jeusi upande wa Nyahururu naye aliogopa tope. Tulipanda, mkono wa Bwana Irungu begani kwangu. Tulikuwa tumezoea kutembea hivyo na sikuufikiria tena. Lakini siku ile alijikwaa kwa vitu vilivyokuwa upande wa kulia, upande wa jicho lake zima. Aligonga mti mwembamba kwa bega, akasema samahani kwa mti ule, nami nikacheka peke yangu. Tulipofika korongoni aliomba nimwelekeze mkono. Uso wa mwamba ulikuwa umesuguliwa ukang'aa, na juu yake kulikuwa na mikwaruzo sambamba, kazi ya upande mmoja ulipokuwa unashuka ukiburuzana na mwingine. Akaweka kiganja. Akakishusha taratibu, akakipandisha, akakishusha tena. "Weka wako," aliniambia. "Ukishuka ni laini. Ukipanda inakukwaruza. Unasikia? Ndiyo inakuambia ilienda wapi." Nikasikia. Nilipotoa mkono wangu yeye alibaki ameuweka wake pale, ameegemea mwamba kwa paji la uso, na akakaa hivyo mpaka nikaanza kuona haya kumtazama.

Halafu akageuka, akajiweka sawa kofia, akasema kwa furaha, "Leo viboko wametoka? Waangalie, waangalie." Ziwa lilikuwa chini yetu lote, la kijivu, na majani yake, na ndege korongo weupe kando. Uso wake ulikuwa umeelekea kaskazini, kwenye ukuta mtupu wa bonde. Alikuwa anautazama ukuta ule akitabasamu, anangoja nimjibu. Nikasema ndiyo, wametoka, ni wengi leo, mmoja ana mtoto. Hiyo ya mtoto niliitunga. Nikaanza kulia nikiwa nimejiziba mdomo kwa mkono wa sweta, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Hakuuliza nalia nini. "Nyambura," alisema, "andika kwanza. Utalia tukifika kwa gari." Nikatoa penseli, nikaandika mwelekeo wa mikwaruzo na pembe ya mwinamo, nikagonga kipande cha mwamba nikakipa namba. Kisha tukashuka, na matone makubwa yakatukuta njiani. Kwenye gari sikulia. Mutua aliniuliza mara mbili nina nini, nikamwambia ni baridi.

Mvua ikafunga barabara kama alivyosema. Ramani tuliimalizia Ruring'u, yeye amekaa kwenye kiti chake amejifunika blanketi, anaikumbuka nchi nzima kwa kichwa na kunitamkia, mimi nachora. Hakukosea. Siku nilipounganisha vistari vya mwisho kwa wino nilimwambia, akasema sawa, akamwambia Mutua atie mafuta. Tuliondoka kwenda Nairobi asubuhi yake, mimi nimekaa kiti cha nyuma na bomba la ramani magotini. Ofisini tulipita kwanza, hospitali baadaye, ndivyo alivyotaka. Daktari alimwangalia kwa taa yake ndogo muda mrefu, halafu akavuta kiti akakaa, na daktari akivuta kiti unajua. Operesheni walifanya, ili apate nafuu ya maumivu. Kuona hakukurudi.

Uchapishaji ulichelewa, kama ilivyo kawaida ya serikali, na mimi nikahamishiwa meza nyingine. Nakala za kwanza zilipotoka kiwandani niliomba moja, nikaipeleka Kangari mwenyewe. Nilimkuta amekaa nje kwenye kibaraza, amenenepa kidogo, shali ile ile shingoni, anasikiliza redio. Alinitambua kwa hatua kabla sijapiga hodi. Tuliitandaza ramani kwenye meza ndogo ya kahawa, nikashika kona zake kwa vikombe. Aliomba nimtajie rangi, nikamtajia: zambarau ya mawe ya zamani, njano ya majivu, buluu ya ziwa. Niliweka kidole chake juu ya Satima, nikakivuta kukifuatisha mstari mwekundu wote, mzima, bila kukatika popote. Kidole kilipita kwenye karatasi laini kisipate kitu. Alikipitisha tena peke yake, polepole, kikatoka nje ya mstari kikaingia ziwani, nami sikukirudisha. Jina lake lilikuwa pale chini, nikamsomea mara mbili.

Mama Wairimu alikuwa anapika chai ndani. Alitoka na birika, akaiweka chini sakafuni, akajifuta mikono kwa leso, akaja kusimama nyuma yetu. Hakuwa amewahi kuona ramani yoyote ya bwana wake. Nikaanza kumwonyesha, hapa ni Nyandarua, Mama, hapa ndipo tulipokuwa tunapiga mahema, lakini hakufuata kidole changu. Alikuwa anaitazama karatasi yote, kutoka ukingo hadi ukingo, na meza aliyotandikia wageni kila Jumapili ikionekana pande zote za karatasi ile.

"Ni kadogo hivi?" aliuliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anayeuliza kweli, anayetaka kujua kama kuna kipande kingine nimekisahau ndani ya bomba. Bwana Irungu alinyosha mikono yake miwili, akatafuta ukingo wa kushoto, akatafuta wa kulia, akaishikilia hapo kama fundi anayepima kitambaa.

"Ni kweli," alisema. "Ni kadogo."